Tenke: Sahani ya malewa ni ya mfanyakazi, mtoto anakula kwenye paja la mama

Saa sita ya mchana inapokaribia, malewa za Tenke hujaa haraka. Wanaofika kwanza ni wanaume: mafundi wenye viatu vizito vya kazi, madereva wa malori, watu wa reli, vijana wanaochimba madini kwa mkono. Wanaagiza wakiwa bado wamesimama, wananawa, wanakula, wanalipa, wanatoka. Kisha anafika mama mwenye mtoto mgongoni na mizigo mkononi, anayengoja treni au gari ya kwenda Kolwezi. Anafungua kikwembe, anamweka mtoto kwenye paja, anaagiza sahani moja. Bei ni moja, vinywa ni viwili.

Kuanzia hapo kila kitu kinategemea mikono ya mama. Anakata tonge la bukari, analipuliza lipoe, analichovya kwenye mchuzi. Anachambua samaki kwa vidole na kutoa miba mmoja mmoja. Anamlisha mtoto, na katikati ya hayo anajitafutia la kwake. Benchi haina mgongo wa kuegemea. Mbabula yenye makala ya moto iko hatua mbili kutoka alipokaa. Mtoto akimwaga maji, jirani anavuta mguu na kuguna. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Mahali pale palipangwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye haraka na njaa.

Namna nyumba za kula zinavyowapokea watoto wadogo inaweza kuonekana kuwa ni shida ya watu wa Kinshasa wenye nafasi, wanaotoka na familia siku ya Mungu. Lakini katika mji wa reli na migodi kama Tenke, kula nje si starehe. Ni lazima kwa msafiri, kwa mama anayeuza sokoni tangu alfajiri, na kwa familia iliyohamia kutafuta kazi na kupanga chumba kimoja kisicho na mahali pa kupikia. Watoto wao wanakula pale wanapokula wazazi. Mtoto anayekula malewa mara moja akiwa safarini hatadhurika kwa siku moja. Anayekula pale kila mchana, wiki baada ya wiki, katika miaka ile ambayo mwili na akili vinajengwa, ni jambo lingine.

Mji wa kungoja

Tenke ilikua kwa sababu ya reli. Njia ya treni kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910. Ilisonga mbele hadi Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Mwaka 1931 tawi linalotoka Tenke kwenda Dilolo lilikamilika na kuungana na reli ya Benguela, inayoteremka mpaka bandari ya Lobito kule Angola. Tangu wakati huo Tenke ni njia panda: upande mmoja ni Kamina na Kasai, upande mwingine ni Kolwezi na mpaka wa Angola. Siku hizi jina la Lobito limerudi katika midomo ya wakubwa wa dunia kwa sababu ya shaba na kobalti, na kila mara ramani ya njia hiyo inapochorwa, Tenke imo.

Penye njia panda pana watu wanaongoja, na anayengoja hununua chakula. Treni za abiria za SNCC hazina saa ya kutegemewa. Mtu anaweza kukaa gare nusu siku, mara nyingine siku nzima na usiku wake. Kwa mtu mzima huo ni uchovu tu. Kwa mtoto wa miezi kumi na minne ni milo mitatu au minne, na yote itatoka kwenye vyungu vya wengine.

Halafu kuna mgodi. Tenke Fungurume Mining ilianza kutoa shaba na kobalti mwaka 2009, ikiwa mikononi mwa Wamarekani wa Freeport-McMoRan. Mwaka 2016 Freeport iliuza sehemu yake kwa kampuni ya Kichina ambayo leo inaitwa CMOC. Gécamines inashikilia asilimia 20. Mgodi mkubwa huvuta watu wengi kuliko kazi ilizo nazo. Walikuja wenye mikataba, wakaja wenye kutafuta mikataba, wakaja wauza nguo, wauza kadi za simu, na akina mama wenye sufuria. Wanaume wengi walitangulia peke yao. Malewa zikawafuata wao, na mpaka leo zinapika kwa kipimo chao: bukari kubwa, chumvi ya kutosha kwa mtu aliyetoka jasho, mchuzi mwingi, na kila kitu kiwe tayari kabla mteja hajakaa.

Kantini ya watoto ilikuwepo

Wazee wa Katanga watakumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi sikuzote, angalau ndani ya kambi za kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, kwanza ilitumia vijana wa mikataba mifupi ambao walichoka, wakaugua au wakatoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadilisha mpango: mfanyakazi akae muda mrefu, na akae pamoja na mke na watoto. Posho ikawa ya familia nzima. Katika kambi zake kulikuwa na mahali ambapo watoto wachanga walipimwa, na kantini ambako wadogo walioachishwa ziwa walipewa chakula chao chini ya macho ya watu wa afya.

Hayo hayakutoka katika huruma. Kampuni ilihesabu kwamba mtoto mwenye afya wa leo ni mfanyakazi wa kesho, na akina mama hawakuulizwa sana maoni yao. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyechunguza maisha ya familia hizo, aliita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa maneno yenye maana ya "watoto wa shaba walioachwa na baba yao". Baba huyo ni kampuni. Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliendelea kugawa unga kwa wafanyakazi wake mpaka ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kantini, posho na zahanati za kambini zikaporomoka nayo.

Pamoja na ubaya wake wote, mfumo ule ulijua jambo moja: mtoto mdogo anahitaji chakula chake, saa yake na mahali pake. Leo makampuni makubwa ya madini hulisha wafanyakazi ndani ya uzio, na familia zilizo nje ya uzio hujitegemea. Kazi iliyokuwa ya kantini imemwangukia mama malewa, ambaye hakupewa bajeti wala mafunzo, na ambaye kila jioni lazima ahesabu kama alichouza kinatosha kununua unga na makala ya kesho.

Tumbo la glasi moja

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Kutoka hapo aendelee kunyonya, lakini aongezewe chakula: mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 mpaka 8, kisha mara 3 hadi 4 kutoka miezi 9 mpaka kufikia miaka 2. Sababu ya kula mara nyingi ni rahisi kuelewa. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba tumbo la mtoto mdogo linabeba kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, ana nafasi ya gramu 240 tu kwa mlo mmoja. Ni karibu glasi moja.

Sasa glasi hiyo ijazwe bukari. Bukari ya mahindi au ya muhogo inashibisha, na hiyo ndiyo sifa yake kwa mtu anayeenda kubeba magunia. Kwa mtoto, sifa hiyo ni mtego. Anashiba kabla hajapata samaki, maharagi wala mboga. Akilia baada ya saa mbili, watu wanasema ana tamaa.

Uchunguzi wa kitaifa wa MICS wa miaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5 wana udumavu, yaani ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu. Malewa haikuleta udumavu huo, wala haiwezi kuumaliza peke yake. Magonjwa ya kuhara, malaria, umaskini na mimba zinazofuatana vina sehemu yao. Lakini mtoto anayekula mlo wake mkubwa wa siku kwenye benchi ya malewa hukutana na lishe yake, nzuri au mbaya, hapohapo.

Tena jambo linaloshangaza ni kwamba chakula kizuri kimo ndani ya sufuria zilezile. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, ikatiwa mafuta ya mawese na karanga, ni laini, ina nguvu, na mawese mekundu yana vitamini A. Maharagi yaliyoiva vizuri hupondeka kwa kijiko. Ndagala wakavu wakisagwa huwa unga unaoweza kunyunyizwa juu ya uji au bukari, na mtoto anapata samaki mzima pamoja na mifupa yake bila hatari ya kukabwa. Yai la kuchemsha liko karibu kila kona ya gare. Pilipili, ambayo wageni wengi wanaiogopa, kwa kawaida hukaa kando katika kibakuli chake; kila mtu anajipakulia.

Kinachoharibu ni mambo ya mwisho-mwisho. Chumvi na kibu vinaongezwa kwa kipimo cha mtu mzima, na vinaingia katika sufuria nzima. Samaki Thomson anakaangwa mzima na miba yake. Mchuzi unapakuliwa ukiwa bado unatokota. Na hakuna kipimo kilicho kati ya sahani nzima na kutopewa kitu.

Matabisi ya mtoto

Hapo ndipo matabisi inapoingia. Mama anayejua mji hataagiza sahani ya pili. Atasema tu, kwa sauti ya chini, aongezewe kidogo kwa ajili ya mtoto. Mama malewa akiwa na moyo mwepesi, au akiwa anamfahamu mteja, anaongeza kijiko cha maharagi au kipande cha samaki. Siku nyingine anajifanya hakusikia. Kwa hiyo mlo wa mtoto katika malewa nyingi hauna bei wala haki. Ni upendeleo, na upendeleo unategemea siku.

Unategemea pia unga. Katanga yote inakula mahindi ya Zambia kwa sehemu kubwa. Zambia ikifunga mpaka au ikikosa mvua, gunia linapanda bei Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Tenke pamoja. Mwezi wa pili wa mwaka 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na akina mama wa malewa upande huu wa mpaka hawakuhitaji redio kuwaambia. Katika wakati kama huo sahani haipandi bei mara moja, maana mteja atakimbia. Bukari ndiyo inapungua ukubwa. Na kabla bukari haijapungua, matabisi inakuwa imekatwa zamani.

Kuna hesabu nyingine ambayo haisemwi mbele ya mteja. Saa ya mchana, nafasi moja kwenye benchi inaweza kukaliwa na watu watatu au wanne mmoja baada ya mwingine. Mama mwenye mtoto anakaa muda mrefu, anatumia maji mengi, anaacha uchafu chini, na amenunua sahani moja. Ndiyo sababu mara nyingi anaombwa kwa adabu angoje wateja wapungue. Anangoja. Inapofika saa nane, samaki wamekwisha, maharagi yamebaki mchuzi, na bukari ni ile ya chini ya sufuria. Mtoto aliyelala kwa njaa anaamshwa ale chakula kigumu kuliko vyote vilivyopikwa siku hiyo.

Mikono ambayo haioshwi

Katika kila malewa mtu mzima ananawa kabla ya kula. Hiyo ni desturi yenye nguvu, na ni nzuri. Lakini mtoto anayelishwa na mama haoshwi mikono, kwa sababu si yeye anayeshika tonge. Wakati huohuo mikono yake inapapasa benchi, viatu vya watu, udongo, kisha inaingia mdomoni. Mahali pengi beseni ni moja, na maji yake yamekwisha kupita katika mikono ya watu watano. Katanga ya zamani inaifahamu kolera. Inarudi karibu kila mwaka katika maeneo ya maziwa na ya mto Lualaba, na inasafiri pamoja na wasafiri.

Katika ukanda wa shaba kuna hatari nyingine tena, isiyosababisha kuhara wala homa ya ghafla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wamepima kwa miaka mingi kobalti iliyomo katika miili ya wakaaji wa maeneo ya migodi. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability ulihusu mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao tangu mwaka 2014. Watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti katika mkojo wao kiasi cha mara kumi kuliko watoto wa mahali pasipochimbwa. Moja ya njia kubwa za kuingia mwilini ni vumbi, na watoto wadogo hulimeza kuliko watu wazima kwa sababu wanacheza chini na wanalamba vidole.

Tenke si Kasulo. Lakini malori yanapita, vumbi linapanda, na malewa nyingi zimefungua mdomo wake barabarani, mahali wateja wanapoziona. Sufuria ina kifuniko. Mtoto hana.

Bia inalipa, mtoto halipi

Jioni mambo yanabadilika. Nyama ya mbuzi ya michopo inaanza kunukia, muziki unapandishwa, chupa za Simba na Tembo zinapangwa mezani. Faida ya mwenye nafasi haitoki tena katika bukari, inatoka katika bia. Mtoto aliyeletwa na wazazi wake anakula vipande vya nyama vyenye chumvi, anakunywa soda, na analala juu ya viti viwili vya plastiki vilivyounganishwa, spika ikiwa juu ya kichwa chake. Hakuna anayemfukuza. Hakuna pia aliyewahi kufikiria kwamba yeye ni mteja.

Historia ya mbali inatoa mwanga hapa. Marekani, kabla ya miaka ya 1920, mahoteli mengi makubwa hayakupenda kuona watoto katika vyumba vyake vya kulia. Kisha mwaka 1920 sheria ikapiga marufuku pombe nchi nzima, na faida ya bia na divai ikatoweka. Mwaka 1921 hoteli ya Waldorf-Astoria ya New York ikawa miongoni mwa za kwanza kutoa orodha ya chakula kwa ajili ya watoto peke yao. Wenye hoteli hawakuamka siku moja na mapenzi mapya kwa watoto. Walikuwa wametafuta mteja mwingine, wakagundua kwamba mtoto akilishwa vizuri anakuja na mama, baba na shangazi.

Katika mahoteli ya Kolwezi na Lubumbashi, mtoto anaweza kupata kiti kirefu cha kwake. Mara nyingi atapata pia viazi vya kukaanga, kuku wa kukaanga na soda, maana ndicho kinachohesabiwa kuwa chakula cha watoto wa watu wenye pesa. Tenke haina sababu ya kuuonea wivu mpango huo. Paja la mama ni kiti kizuri, na sombe inazidi viazi vya kukaanga kwa mbali.

Asubuhi wanajua zaidi

Ukitaka kuona mtoto akihudumiwa vizuri Tenke, usiende saa sita. Nenda saa kumi na mbili za asubuhi, pale wanapokaa wauza uji na bitumbula. Uji unatoka kwenye chombo chenye kifuniko, unapimwa kwa kikombe, na mtu analipa kikombe alichokunywa. Mtoto wa miaka miwili anapewa kikombe kidogo kwa bei ndogo, bila mtu yeyote kuomba matabisi. Uji ni laini, unapozwa kwa urahisi, hauna miba. Baadhi wanatumia unga wa masoso, yaani mahindi, soja na sorgho zilizosagwa pamoja, mchanganyiko ambao watu wa lishe wamekuwa wakiufundisha katika vituo vya afya kwa miaka mingi kwa sababu soja inaleta protini ambayo mahindi peke yake hayana ya kutosha.

Lakini ikifika saa tatu chombo kimekwisha na muuzaji amekwenda sokoni. Kuanzia hapo mpaka usiku mtoto anarudi kwenye sahani ya mfanyakazi. Termosi moja ya uji wa masoso ikibaki chini ya meza ya malewa mpaka mchana ingebadilisha mambo kuliko viti kumi vya watoto. Iwe termosi kweli, yenye kutunza moto; uji uliokaa saa nyingi ukiwa vuguvugu huzalisha vijidudu na ni afadhali kutoutoa kabisa.

Mengine yanayohitajika ni ya bei hiyohiyo. Kupakua kibakuli cha maharagi au sombe kabla ya kutia kibu na chumvi ya mwisho. Kuuza nusu sahani kwa nusu bei, iandikwe kwenye kibao pamoja na bei nyingine ili mama asiombe kama mwenye deni. Bido yenye bomba dogo na sabuni, maji yatiririke badala ya kuzunguka katika beseni. Mkeka upande wa nyuma, mbali na mbabula na barabara. Mwenye malewa atauliza, na ana haki ya kuuliza, nani atalipia maji. Maji hayo yananunuliwa kwa bido, na mteja wa nusu sahani hawezi kuyalipa.

Hapo ndipo swali linapotoka mikononi mwa mama malewa na kwenda kwa wengine. Kodi ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Sheria hiyohiyo inagawa ushuru wa madini ili asilimia 15 iende kwa utawala wa mahali penyewe yanapochimbwa. Kwa kawaida fedha za namna hiyo zinakwenda kwenye madarasa, vituo vya afya na barabara, vitu vinavyoonekana na kuzinduliwa kwa utepe. Paa moja karibu na gare, lenye sakafu ya simenti, bomba la maji na ukuta wa kuzuia vumbi, ambapo akina mama kumi wangepika na kuuza, ni kazi ndogo ukilinganisha na shule. Lakini mazungumzo kati ya wenye malewa na maofisa huhusu zaidi ushuru wa siku na usafi wa choo. Mtoto anayekula pale hayumo katika karatasi.

Mtoto wa jikoni

Kuna mtoto mmoja ambaye yupo malewa kila siku na hahesabiwi hata na wateja: wa mama malewa mwenyewe. Amefika naye kabla jua halijatoka, amefungwa mgongoni wakati unga unasongwa, kisha akawekwa nyuma, juu ya magunia matupu, akichezea kifuniko cha sufuria. Dada yake mwenye miaka saba au minane anamchunga kama hakuna shule, na siku nyingine hata kama shule ipo.

Huyo ndiye anayekula vizuri kuliko watoto wote wa benchi. Kabla ya wateja wa mchana kuingia, mama yake anachota kidogo kutoka katika kila sufuria: maharagi kabla ya kibu, samaki aliyekwisha kuchambuliwa, tonge laini la bukari. Anaviweka katika kibakuli cha bati, anakifunika kwa sahani, anakisogeza nyuma ya mbabula kisipoe. Saa saba kasoro, vyakula vikianza kwisha, hutokea mteja akakiona na kuuliza kuna nini mle ndani, yuko tayari kulipa. Mama malewa hageuki hata kidogo. Anaendelea kupakua, na kumjibu kwamba hicho ni cha mtoto.